Probox kuukuu: Uimara wake, maradhi yake na mambo ya kukagua kabla ya kununua

NI vigumu kusimama kwa muda mrefu kando ya barabara ya Meru kuelekea Maua, katika eneo la Kaaga, bila kupitwa na Toyota Probox. Gari hilo dogo lenye umbo la sanduku huwapeleka walimu kazini, huwashusha wanafunzi kwenye lango la Chuo Kikuu cha Methodist cha Kenya (KeMU), hubeba maziwa na ndizi hadi mjini na, kutoka upande wa Igembe, husafirisha miraa ambayo haiwezi kungoja kesho. Baadhi ya magari hayo yamepita umri wa miaka 15, na si ajabu kukuta lililotembea kilomita 300,000 au zaidi.

Kwa familia inayotaka kununua gari la kwanza, au mfanyabiashara mdogo anayetafuta chombo cha kazi, Probox kuukuu huwa ndilo chaguo linalolingana na mfuko. Swali ni iwapo linaweza kutegemewa. Jibu ni kwamba injini yake ina uwezo wa kudumu kuliko wengi wanavyodhani, lakini tarakimu zilizo kwenye mita si kipimo cha kutosha cha afya yake. Kinacholizeesha gari hili ni mzigo lililobebeshwa, na oili na maji ambayo hayakuongezwa kwa wakati. Aidha, sehemu zinazoweza kumuua msafiri, yaani breki, tairi na viungo vya magurudumu, ndizo zinazosahaulika mnunuzi anapovutiwa na mlio mzuri wa injini.

Gari la kazi tangu kuzaliwa

Kampuni ya Toyota ilizindua Probox nchini Japani mnamo Julai 2002, pamoja na pacha wake Succeed, ili kuchukua nafasi ya magari ya mizigo yaliyotokana na Corolla. Halikukusudiwa kuwa gari la fahari. Lilibuniwa kwa ajili ya kampuni, maduka na wafanyakazi wanaozunguka mchana kutwa wakiwa na bidhaa nyuma. Ndiyo sababu kiti chake cha nyuma katika matoleo ya mizigo ni chembamba, sakafu yake ni bapa na mapambo yake ni haba.

Magari mengi ya kizazi hicho yaliyofika Kenya hutumia injini ya petroli ya lita 1.5 inayojulikana kama 1NZ-FE, au ndugu yake wa lita 1.3, 2NZ-FE. Injini ya 1NZ-FE ilifungwa pia katika matoleo ya Corolla, Fielder, Vitz, Premio na Allion. Jambo hili lina faida kubwa kwa mwenye gari la zamani: vipuri vinapatikana kwa urahisi, vipya na vilivyotumika, na fundi yeyote mwenye uzoefu anaifahamu injini hiyo. Mwaka 2014 Probox ilifanyiwa mabadiliko makubwa, na giaboksi ya zamani ya otomatiki yenye gia 4 ikapisha ile ya CVT isiyo na gia za kuhesabika.

Sheria za Kenya haziruhusu kuingizwa kwa gari kuukuu lililozidi umri wa miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, kwa mujibu wa kiwango cha KS 1515:2000 cha Shirika la Ukadiriaji Ubora wa Bidhaa Kenya (KEBS). Kwa hivyo Probox za miaka ya mwanzo zilizomo barabarani leo ziliingia nchini zamani, zikapitia mikono ya wamiliki kadhaa, na kila mmoja aliacha alama yake.

Mita husema nini, na huficha nini

Kutoka Meru hadi Nairobi kwa kupitia Embu ni takriban kilomita 230. Gari linalokwenda na kurudi siku 300 kwa mwaka hukusanya kilomita 138,000. Gari la mwalimu anayetembea kilomita 30 kwa siku, kwa idadi hiyo hiyo ya siku, hukusanya kilomita 9,000 pekee. Safari za mwaka mmoja za gari la kwanza ni sawa na za miaka 15 za gari la pili.

Hata hivyo, haifai kuhitimisha papo hapo kwamba la pili ndilo bora. Injini inayokwenda safari ndefu hupata joto lake kamili na kukaa nalo, nayo huchakaa kidogo kwa kila kilomita. Ile ya safari fupi za kutoka Kaaga hadi mjini na kurudi huzimwa kabla ya kupata joto la kutosha. Unyevu na petroli isiyoungua hubaki ndani ya oili, na betri haipati muda wa kurejesha chaji iliyotumika kuwashia gari. Gari la namna hiyo likibadilishwa oili kwa kuangalia kilomita tu, laweza kukaa na oili iliyoharibika mwaka mzima.

Kwa upande mwingine, gari la safari ndefu linaweza kuwa na injini nzuri ndani ya mwili uliochoka. Kipimo cha kiwanda cha Probox ya mizigo ni kilo 400 likiwa na watu 2, au kilo 250 likiwa na watu 5. Hata ukijumlisha watu 5 na mizigo yao, hesabu haifiki kilo 600. Gari hilo hilo likipakiwa watu 10, kila mmoja akiwa na uzani wa kilo 65, tayari limebeba kilo 650 kabla ya gunia la kwanza kuwekwa. Kila bonde na kila tuta hupitisha ziada hiyo kwenye springi, shoko, beringi, breki na maungio ya bodi.

Kuna pia suala la uaminifu wa mita yenyewe. Mita huweza kurudishwa nyuma. Cheti kinachotolewa Japani gari linapofutwa usajili ili lisafirishwe nje huonyesha kilomita zilizokuwa zimetembewa, na muuzaji aliyeitunza nakala yake ana ushahidi wa mahali pa kuanzia. Pasipo cheti, kanyagio za breki zilizolika, usukani uliong'aa na kiti cha dereva kilichobonyea vinaweza kusema ukweli ambao mita imeufisha.

Injini: Adui ni oili kupungua

Injini ya 1NZ-FE hutumia mnyororo wa taimingi badala ya mshipi wa mpira. Kwa hivyo mmiliki hahitaji kuubadilisha kila baada ya kilomita fulani. Lakini mnyororo huo, pamoja na mtambo wa VVT-i unaorekebisha nyakati za kufunguka kwa valvu, hutegemea oili safi na ya kutosha.

Ugonjwa unaojulikana zaidi wa injini hizi zinapozeeka ni kula oili. Ringi za pistoni, hasa zile za kukwangua oili, hujaa masizi na kukwama. Oili hupanda hadi chumba cha mwako na kuungua pamoja na petroli. Raba za valvu nazo hukauka na kuvujisha. Moshi husaidia kutofautisha. Ukitoka wa samawati kwa muda mfupi gari linapowashwa asubuhi, raba za valvu ndizo za kushukiwa kwanza. Ukiendelea kutoka gari linapokanyagwa au linapopanda mlima, mashaka huelekea kwenye ringi. Moshi mweusi ni dalili ya petroli kupita kiasi, na mweupe mzito usiokwisha baada ya injini kupata joto huashiria maji ya kupozea yanayoingia kwenye silinda.

Kula oili peke yake hakuui injini mara moja. Kinachoua ni kutojua. Injini ya 1NZ-FE hubeba takriban lita 3.7 za oili kichujio kinapobadilishwa. Iwapo inakula lita 1 kwa kila kilomita 1,000, safari 3 za Nairobi na kurudi zinatosha kuipunguzia zaidi ya theluthi moja. Taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi huonya juu ya shinikizo; haipimi kiasi kilichobaki. Inapowaka, madhara huenda yameshaanza: mnyororo hulegea na kupiga kelele, mtambo wa VVT-i hushindwa na beringi za ndani hukwaruzwa. Kijiti cha kupimia oili, kikichomolewa mara moja kwa wiki gari likiwa limesimama mahali tambarare, huokoa fedha nyingi kuliko dawa yoyote ya chupa.

Kuna kasoro nyingine ndogo zinazojirudia. Sensa ya shinikizo la oili huvuja na kulowesha ubavu wa injini. Mlango wa hewa hushika uchafu, na injini hutetemeka au kuzimika gari linaposimama. Mauntingi zinazoishikilia injini hupasuka, na mtetemeko wake huhisiwa hadi kwenye kiti. Koili za plagi hufa moja moja, na gari hukohoa na kukosa nguvu kwenye mlima. Hakuna hata moja kati ya hizi inayopaswa kumfukuza mnunuzi, ila kila moja inafaa kuingizwa katika hesabu ya bei.

Nguvu za gari kwenye mwinuko pia zahitaji kueleweka. Meru iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa kiasi cha asilimia 15 ikilinganishwa na Mombasa. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiwango kinachokaribia hicho. Vivyo hivyo, fundi anayepima mgandamizo wa silinda mjini Meru atapata tarakimu zilizo chini ya zile za kitabu cha kiwanda hata kwa injini nzima. La kuzingatia zaidi ni ulinganifu: silinda moja ikipungukiwa na nyingine kwa zaidi ya psi 15, kuna tatizo.

Maji na joto

Bloku na hedi za injini hii ni za aluminiamu. Madini haya hupitisha joto upesi, lakini hayavumilii kuchemka. Injini ikichemka mara moja vibaya, hedi inaweza kupinda na gasketi yake kuungua.

Katika mwinuko wa Meru, maji ya kawaida huchemka kwenye takriban nyuzi 95 badala ya 100. Kinachoiokoa injini ni mfumo uliofungwa: kifuniko cha rejeta kilicho kizima huzuia shinikizo ndani na kupandisha kiwango cha kuchemka hadi zaidi ya nyuzi 110. Kifuniko kilichochoka, ambacho ni kipuri cha bei nafuu, huondoa kinga hiyo. Hali kadhalika, dawa maalumu ya kupozea huzuia kutu. Maji ya mfereji au ya mto, yakiongezwa mwaka baada ya mwaka, huacha magaga yanayoziba mirija ya rejeta na kula pampu.

Pampu ya maji ya injini hii huzungushwa na mshipi ule ule unaozungusha altaneta. Mshipi ukikatika, taa ya betri huwaka na maji huacha kuzunguka. Dereva anayeona taa ya betri na kuamua kufika kwanza nyumbani anaweza kufika na injini iliyokufa. Baadhi ya magari haya hayana mshale wa joto bali taa tu: ya buluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikichemka. Nyekundu ikiwaka, gari lisimamishwe mahali salama na kuzimwa. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe hadi injini ipoe.

Giaboksi

Giaboksi ya otomatiki ya gia 4 ina sifa ya kuvumilia, mradi oili yake ibadilishwe. Oili nzuri ni nyekundu. Ikiwa imegeuka kahawia au nyeusi na ina harufu ya kuungua, sahani za ndani zimeanza kulika. Gari likichelewa kuitika linapotiwa gia ya D, au injini ikinguruma bila mwendo kuongezeka linapopanda, mnunuzi afikirie gharama ya giaboksi nyingine. Jaribio bora hufanywa kwenye mlima, mathalani barabara ya Meru kuelekea Nanyuki inayopanda ubavu wa Mlima Kenya, na giaboksi ikiwa imeshapata joto.

Kwa magari ya tangu 2014 yenye CVT, kosa kubwa ni kutia oili ya otomatiki ya kawaida. CVT hutumia oili yake maalumu, na mchanganyiko usiofaa huharibu mshipi wa chuma uliomo ndani. Probox zenye gia za mkono, ambazo si nyingi, ni rahisi kutengeneza, ingawa klachi huisha haraka kwa gari linalobeba kupita kiasi.

Chini ya gari

Hapa ndipo historia ya gari husomeka vizuri. Nyuma, Probox hutumia springi za koili. Gari lililobebeshwa sana huonekana limeinama nyuma hata likiwa tupu, au hukutwa limeongezewa springi na vikalio ili linyanyuke. Nyongeza hizo huinua bodi tu. Ekseli, beringi, breki na tairi hubaki na uwezo ule ule wa kiwanda.

Mbele, bushi za mikono ya chini, boljointi na ncha za usukani ndizo zinazolika kwanza kwenye barabara za vumbi na mawe. Dalili zake ni mgongano unaosikika kwenye mashimo, usukani unaovuta upande mmoja na tairi zinazolika ukingoni. Mlio wa tak-tak wakati wa kukata kona kali hutokana na jointi za ekseli za mbele ambazo mipira yake ilipasuka na kuingiza matope. Mngurumo unaoongezeka na kasi huashiria beringi za magurudumu.

Kutu nayo isipuuzwe. Magari yaliyotumika kaskazini mwa Japani, ambako chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha theluji, hufika yakiwa yameliwa chini hata kama rangi ya juu inang'aa. Mnunuzi apige magoti na tochi, atazame sakafu, mabomba ya breki na mahali springi za nyuma zinapoegemea. Alama za kuchomelewa na rangi mpya nyeusi iliyopakwa upande wa chini pekee zinahitaji maelezo.

Breki na tairi: Pasipo na msamaha

Barabara za eneo hili hazisamehi breki mbovu. Mnamo Julai 24, 2022, basi lilitumbukia kutoka daraja la Nithi, katika barabara ya Meru kwenda Nairobi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Mteremko wa mahali hapo ulikuwa umeshachukua maisha ya wengi kabla ya siku hiyo. Gari dogo lililojazwa kupita kiasi hukabiliwa na kanuni ile ile ya maumbile inayolikabili basi: uzito unaoteremka hugeuka joto ndani ya breki.

Probox ina diski mbele na ngoma nyuma. Pedi za mbele huangaliwa mara kwa mara kwa kuwa zinaonekana, ilhali za nyuma hukaa ndani ya ngoma miaka bila kufunguliwa. Silinda ndogo za ngoma hizo zikivuja, oili ya breki hulowesha vitambaa na kuviharibu. Isitoshe, oili ya breki hufyonza unyevu wa hewa kadiri inavyokaa. Ikipata joto kali kwenye mteremko mrefu, unyevu huo hugeuka mvuke, na kanyagio huzama hadi sakafuni bila gari kupunguza mwendo. Ndiyo maana oili hiyo hupaswa kubadilishwa kila baada ya miaka 2 hivi, bila kujali kilomita. Dereva naye ateremke kwa gia ndogo, aiache injini izuie gari, na breki zitumike kwa vipindi.

Kuhusu tairi, matoleo ya mizigo yalitoka kiwandani na tairi ngumu zenye tabaka za ziada. Wamiliki wengi huweka tairi za kawaida za magari madogo kwa kuwa ni nafuu na laini zaidi. Hizo zaweza kufaa kwa familia, lakini hazifai kwa magunia. Mnunuzi asome alama ya ubavuni: tarakimu 4 za mwisho za msimbo wa DOT huonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi yenye meno marefu lakini iliyopasuka-pasuka kwa umri ni hatari sawa na iliyolika.

Usalama una jambo jingine lisiloonekana. Mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ilisababisha mamilioni ya magari ya kampuni mbalimbali, yakiwemo ya Toyota, kuitwa kurekebishwa duniani kote, kwa kuwa kilipuzi chake huharibika kwa joto na unyevu na kinaweza kurusha vipande vya chuma. Gari lililouzwa nje huenda liliondoka Japani kabla ya kurekebishwa. Namba ya chesisi hutosha kuulizia kwa wakala wa Toyota.

Jinsi ya kukagua

Ukaguzi mzuri hufuata utaratibu. Kwanza, gari likutwe baridi. Muuzaji anayeliwasha kabla ya mgeni kufika huficha moshi wa asubuhi na mlio wa mnyororo, ambao husikika sekunde chache za mwanzo. Mkono juu ya boneti hubaini hila hiyo.

Pili, kabla ya kuwasha, itazamwe oili kwenye kijiti na maji ndani ya rejeta. Utando kama maziwa chini ya kifuniko cha oili unaweza kuwa unyevu wa safari fupi tu, lakini ukionekana pia kwenye kijiti, au maji ya rejeta yakiwa na mafuta juu, gasketi ya hedi ishukiwe. Tatu, ufunguo ugeuzwe bila kuwasha injini. Taa ya uchunguzi wa injini inapaswa kuwaka, kisha kuzimika injini inapounguruma. Taa isiyowaka kabisa huenda iliondolewa balbu ili kuficha kasoro, na mashine ya fundi ya kusoma kompyuta ya gari itafichua kilichomo.

Nne, gari liendeshwe si chini ya nusu saa, kwenye lami na kwenye vumbi, kupanda na kuteremka, na breki zijaribiwe mahali pasipo na magari. Tano, lipandishwe kwenye shimo la gereji na fundi aliyechaguliwa na mnunuzi. Ada ya fundi huyo ni ndogo ikilinganishwa na bei ya injini.

Stakabadhi zikaguliwe kwa makini hayo hayo. Rekodi za umiliki hupatikana kwa njia ya mtandao kutoka kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani (NTSA), nazo huonyesha iwapo taasisi ya mikopo ina haki juu ya gari. Namba za chesisi na injini zilinganishwe na zile za rekodi. Injini iliyobadilishwa bila kusajiliwa humletea mmiliki mpya usumbufu. Bima nayo isomwe. Gari lenye bima ya matumizi ya kibinafsi likitumiwa kubeba abiria kwa malipo, kampuni ya bima inaweza kukataa kugharamia hasara ajali inapotokea.

Kununua, kutunza au kuacha

Probox yenye kilomita 300,000, iliyobadilishwa oili kwa wakati na isiyobeba kupita kipimo chake, inaweza kuwa ununuzi wa busara kuliko yenye kilomita 150,000 iliyofanyishwa kazi ya lori. Anayenunua atenge kiasi cha fedha kando ya bei, kwa ajili ya oili zote, vichujio, plagi, mshipi, maji ya kupozea, oili ya breki na tairi zitakazohitaji kubadilishwa mwezi wa kwanza. Asiyeweza kutenga kiasi hicho hajafikia bado bei halisi ya gari hilo.

Kwa anayelimiliki tayari, mpangilio wa matumizi uanze na breki na tairi, ufuate maji na oili, kisha viungo vya chini. Rangi na redio ni za mwisho. Injini inayokula oili kidogo inaweza kuongezewa na kuendelea kuhudumu kwa miaka. Bodi iliyoliwa na kutu pale springi zinapoegemea ni habari nyingine: gharama ya kuitengeneza kikamilifu huweza kuzidi thamani ya gari, na kiraka cha kuchomelea hakirejeshi uthabiti wake wa awali. Hapo ndipo gari hupaswa kuachishwa kazi, hata kama injini yake bado inaitika kwa mguso wa kwanza wa ufunguo.